Lock 21 na vijiji vilivyo chini ya mto St. Lawrence

Watu wakishajua napiga mbizi kwenye vijiji vilivyozama, swali huwa ni lilelile, hivi nyumba mnaziona huko chini? Wanafikiria mji mzima umekaa sakafuni, milango iko wazi, kanisa na kengele yake, samaki wanaingia dirishani na kutokea jikoni. Nawaelewa, maana picha zinazozunguka mtandaoni ndo hizo. Lakini sehemu ninayoipenda kuliko zote haina nyumba hata moja iliyosimama, haina paa, haina mlango, na bado maji yakipata joto tu naanza kumsumbua badi wangu, yaani mwenzangu wa kuzamia, twende. Leo nimekaa niandike kwa nini, na itakuwa ndefu, kwahiyo mwenye haraka ahifadhi aje kusoma jioni.

Sehemu yenyewe inaitwa Lock 21, iko Ontario, Kanada, kwenye mto St. Lawrence, karibu na mji wa Cornwall, ng'ambo ya mto ni jimbo la New York la Marekani. Kandokando ya mto huo kulikuwa na vijiji na vitongoji, Aultsville, Farran's Point, Dickinson's Landing, Wales, Moulinette, Mille Roches, Woodlands, Santa Cruz, Maple Grove, na Sheek Island ambacho kilikuwa kisiwa. Vijiji vya kweli hivyo, vyenye shule, duka, kinyozi, stesheni ya treni, makaburi ya mababu. Tarehe 1 Julai 1958, ambayo kule ni sikukuu ya taifa, saa 2 asubuhi, walilipua tani 30 za baruti kwenye ukuta wa muda uliokuwa umezuia maji, na watu walikuja kusimama kando kutazama. Waliotegemea wimbi kubwa hawakuliona. Maji yalikuja taratibu, yakapanda kwenye mashamba, yakafuata barabara, na baada ya siku 4 vijiji vyote vilikuwa vimefunikwa. Watu kama 6,500 walikuwa wameshahamishwa.

Sababu zilikuwa mbili na zote zilikuwa za pesa. Ya kwanza ni meli. Kwenye eneo lile mto ulikuwa na maporomoko makali, Long Sault, na tangu karne ya 19 wakawa wamechimba mifereji ya kuyazunguka. Mfereji wa namna ile una vyumba vikubwa vya mawe, kwa Kiingereza lock, vyenye malango pande mbili, meli inaingia, malango yanafungwa, maji yanaachiwa, meli inapanda hadi inalingana na maji ya upande wa juu, alafu inatoka inaendelea na safari. Mfereji wa Cornwall ulikuwa na vyumba hivyo vimepewa namba, na Lock 21 kilikuwa cha mwisho ukielekea juu ya mto, pale Dickinson's Landing. Shida ni kwamba mifereji ile ilikuwa na kina cha mita 4 na kidogo tu, meli kubwa za baharini hazipiti, na matajiri wa Toronto, Detroit na Chicago walitaka meli zitoke Atlantiki zifike kwao moja kwa moja. Sababu ya pili ni umeme, maporomoko yale yalikuwa na nguvu nyingi, nchi zote mbili zikayataka. Kwahiyo wakajenga bwawa la Moses-Saunders, nusu Kanada nusu Marekani, maji yakarudi nyuma yakawa ziwa, maporomoko yakafa, na njia mpya ya meli ikapata kina cha zaidi ya mita 8. Mwaka 1959 Malkia Elizabeth na rais Eisenhower wakaja kuifungua.

Sasa hapa ndo penye jambo. Vile vijiji havikuachwa vizame na nyumba zake. Zaidi ya nyumba 500 ziling'olewa zikiwa nzima, yaani nyumba na kuta zake na paa lake, zikapakiwa kwenye mtambo mkubwa wenye matairi marefu kuliko mtu na kupelekwa kwenye miji mipya ya Ingleside na Long Sault. Wenyewe wanasimulia kwamba watu waliambiwa waache vyombo kabatini, na nyumba ilipofika ikashushwa, sahani ziko palepale. Zilizobaki zilibomolewa au kuchomwa. Miti ilikatwa yote, hata ile ya kivuli barabarani, kwa sababu hawakutaka magogo yaje kuelea kwenye njia ya meli. Reli ikang'olewa ikapelekwa kaskazini. Makaburi mengine yakahamishwa, mengine yakaachwa na kufunikwa mawe juu ili maji yasije yakayafukua.

Na kuna kitu kimoja ambacho nilipokisoma nilisimama kabisa. Pale Aultsville, mwanzoni mwa mwaka 1958, kabla maji hayajaja, watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada waliomba majengo 8 yaliyokuwa yamepangiwa kubomolewa, wakayachoma moja moja kwa makusudi, huku wakipima joto, moshi, na jinsi moto unavyorukia jengo la pili. Vipimo vile viliingia kwenye sheria za ujenzi, ile ya nyumba na nyumba ziachane kiasi gani ili moja ikiwaka nyingine isishike. Yaani mtu amekaa kwenye apatimenti yake Toronto leo, amelala na watoto, sehemu ya usalama wake ilipimwa kwenye sebule ya familia fulani ya Aultsville ambayo wiki chache nyuma ilikuwa inakaa humo. Mimi nikiwa Ottawa, kila nikipita kwenye mtaa wa nyumba zilizoachana vizuri, nakumbuka hilo.

Kwahiyo unapozama pale unakuta nini? Unakuta vile ambavyo havikubebeka. Misingi. Barabara. Vijia vya zege vya waenda kwa miguu. Mawe ya mfereji. Mimi nadhani hivyo ndivyo vitu vya maana, na nitarudi hapo.

Nilijifunza kuzamia Zanzibar, kwenye maji ya moto, matumbawe, kila kitu kina rangi. Nilipohamia Ottawa nikajua mambo ya mbizi yameisha, huku nitaishia kuangalia theluji. Alafu nikakutana na badi wangu, Mkongomani wa Uvira, tulikutana kwenye shughuli ya Waswahili, harusi, na katikati ya maongezi akasema anazamia mtoni. Nikamuuliza mto gani wa kuzamia huku, akaanza kunihadithia habari ya Lock 21 mpaka chakula kikapoa. Mtu mzima aliyezaliwa pembeni ya Tanganyika, amekuja Kanada ndo akajifunza kupiga mbizi kwenye maji baridi, na anaupenda ule mto kama wa kwao.

Kwa wanaozamia, kuna mambo ya kujua. Maji baridi yasiyo na chumvi yanakubeba kidogo kuliko bahari, kwahiyo vyuma vya uzito ulivyozoea kuvaa Zanzibar ili uzame havitakuwa sawa, ila na suti nayo huku ni nene, au unavaa draisuti kabisa, ile isiyopitisha maji, na hiyo inakuelesha, kwahiyo hesabu unaianza upya. Glavu ni lazima, nitaeleza kwa nini. Na mkondo, jamani mkondo. Ule ni mto, sio ziwa, hata kama ramani inaandika Ziwa St. Lawrence. Maji ya Maziwa Makuu yote matano yanapita pale kuelekea baharini, na ukijisahau ukaachia mkono utakuta uko kwingine. Bendera ya wazamiaji tunaenda nayo kila siku maana boti zinapita juu.

Tunaingia kutoka ukingoni, kwenye barabara inaitwa Long Sault Parkway. Barabara hii yenyewe ni ya kutazama kwa macho mengine ukishajua habari yake. Inaruka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, visiwa 11, watu wanapiga kambi, watoto wanaogelea, wanachoma nyama. Visiwa vile vilikuwa vilima, yaani sehemu za juu za nchi kavu ya zamani, maji yalipopanda zikabaki vichwa tu. Unapoendesha gari pale uko juu ya vilima vya watu, na mashamba yao yako chini kulia na kushoto.

Tukishashuka, mita za mwanzo ni majani ya majini na mchanga, kijani yote. Alafu ghafla ukuta. Sio ukuta wa mwamba, mwamba hauna kona. Ni mawe yaliyochongwa, makubwa, kila moja limekaa juu ya lingine kwa mstari ulionyooka, na mstari unaendelea mbele mpaka macho yanaishia. Kile chumba kina urefu wa mita 82 na upana wa karibu 14, na kina cha pale hakifiki mita 20, kwahiyo mwanga wa jua unafika, unaona ukuta wa upande wako vizuri na ule wa pili kama kivuli. Ukijibanza nyuma ya ukuta mkondo unakupungukia, unaweza ukatulia ukaangalia. Kuna mahali ukuta umeingia ndani, kama nusu kabati, refu kuanzia juu hadi chini, na mara ya kwanza sikuelewa ni nini mpaka badi alipofanya ishara kwa mikono miwili, akaifungua na kuifunga. Ndo pale lango lilipokuwa linalala likifunguliwa, ili meli isilikwaruze. Yaani kuna fundi alichonga jiwe lile kwa vipimo vya lango, akijua lango litakuja kulala hapo kila siku. Nilikaa pale mpaka kompyuta ya mbizi ikaanza kunikumbusha.

Nikiwa mkweli, kitu kile kilinigusa kuliko ningekuta kiti au kikombe. Kikombe mtu anakiacha. Ukuta ule watu waliuishi, vibarua walishinda pale, mlinzi wa lango alikesha na taa, watoto wa Dickinson's Landing walikuja kutazama meli zikipanda. Ukishajua hayo, jiwe linakuwa na watu. Usipoyajua ni jiwe, utapiga picha, utapanda juu, utasema nilitegemea zaidi, na nimewasikia wengi wakisema hivyohivyo wakivua mapezi ya miguuni pale ukingoni, inaniuma, kwa sababu makumbusho iko mwendo mfupi tu wa gari na hawajaenda.

Kuhusu glavu sasa. Ukuta wote umevaa kome. Wadogo, wa mistari, wanaitwa kome pundamilia, wamebanana hadi jiwe huoni ila kwenye nafasi ndogondogo, na ganda lao ni wembe. Hawa sio wenyeji wa huku. Kwao ni kule Bahari Nyeusi na Kaspi. Walikuja kwenye matangi ya meli, yale maji ambayo meli inayabeba tumboni ili isiyumbe, inayachota bandari moja inayamwaga bandari nyingine, na mwaka 1988 wakagunduliwa Ziwa St. Clair, alafu wakasambaa kila mahali. Kome hawa kazi yao ni kuchuja maji, kila mmoja anachuja kutwa nzima, na wako mabilioni. Matokeo yake mto ambao zamani mzamiaji alikuwa haoni mbali ukawa mweupe.

Unganisha mwenyewe. Vijiji vilizamishwa ili meli za baharini zipite. Meli zikapita, zikaleta kome. Kome wakasafisha maji, na ndo maana mimi leo naweza kuona kilichozamishwa. Sifurahii, maana kome wale wameharibu mengi, wameziba mabomba ya maji ya miji, wamewapokonya samaki wadogo chakula, wameua kome wenyeji wa mto. Pamoja nao wakaja gobi, visamaki vyenye macho juu ya kichwa, vimejaa kwenye sakafu ya kile chumba, vinakutazama tu havikimbii, navyo vilikuja na meli hivyohivyo. Uzuri tunaouona pale chini umelipiwa mara mbili, na aliyelipa sio mimi.

Makumbusho ya vijiji vile iko Ault Park, Long Sault. Wamekusanya majengo machache yaliyookolewa, stesheni ya treni ya Moulinette ipo, duka la kinyozi lipo na kiti chake, kuna darasa. Wanaoihudumia wengi ni wa kujitolea, na wakubwa kiumri. Kuna bibi mmoja pale, tukamwambia tumetoka kuzamia Lock 21 nywele bado zina maji. Hakuuliza kama tumeona samaki. Akatupeleka kwenye ramani ukutani, akaweka kidole, akasema nyumba yetu ilikuwa hapa, kidole akakisogeza, hapa ndo tulikuwa tunapita kwenda shule, hapa kulikuwa na miti pande zote mbili. Alikuwa mtoto walipohamishwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, mpaka alipofika kwenye miti. Nyumba yao ilihamishwa ikafika salama, ila barabara mpya haikuwa na mti hata mmoja, na mama yake, alisema, hakuuzoea ule mwanga wa dirishani hadi anafariki. Badi wangu akamwamkia kwa mikono miwili kama tunavyomwamkia bibi kwetu, na yule bibi akaipokea bila kushangaa.

Siku ile tulivyorudi kwenye gari badi akasema, kwa Kiswahili chake cha Uvira, "Ndugu yangu, kwetu maji ilikuya yenyewe. Hawa wao waliita maji." Maana Tanganyika imepanda miaka hii, mwaka 2021, tena 2024, Uvira, Bujumbura, Kalemie, hata bandari ya Kigoma, maji yamekula nyumba na barabara, na ndugu zake wengine wamehama wasirudi. Hakuna aliyewapa ramani ya ukutani.

Na hili lazima niliseme kwa sababu hata pale makumbusho, wageni wengi wanasikia habari ya vijiji vya wazungu tu. Mto ule ni wa Wamohawk, wenyeji wa asili wa huku, tangu kabla ya vijiji vile. Jumuiya ya Akwesasne imekaa palepale, mpaka wa nchi mbili umepita katikati yao, na mradi uleule ulichukua ardhi na visiwa vyao. Chini zaidi ya mto, kule Kahnawake karibu na Montreal, walikatiwa zaidi ya ekari 1,000 za ukingo, watu waliokuwa wanaishi na mto mlangoni wakajikuta wana mfereji wa meli na ukuta. Alafu umeme wa bei rahisi ukavuta viwanda vya alumini upande wa Marekani, moshi wenye floraidi ukavukia Kisiwa cha Cornwall, ng'ombe wa Wamohawk wakaoza meno na miguu ikakakamaa. Habari ya hawa huisikii ikisimuliwa pamoja na ile ya sahani kabatini.

Nimeanza kuangalia mambo haya kwa tarehe, na tarehe zinanitisha. St. Lawrence ilifunikwa Julai 1958. Desemba mwaka huohuo bwawa la Kariba likafungwa, mto Zambezi ukaanza kujaa nyuma ya ukuta, na Watonga kama 57,000 wa bonde la Gwembe, pande zote mbili, Zambia na Zimbabwe za leo, wakahamishwa. Wao walipakiwa kwenye malori na kwenda kushushwa kwenye nchi kavu kama Lusitu, mbali na mto waliokuwa wanalima ukingoni mwake mara mbili kwa mwaka. Waliogoma kwenye kijiji kimoja, Septemba 1958, polisi waliwapiga risasi, watu 8 wakafa. Wakati ule ule ambao Ingleside watu walikuwa wanapaka rangi vibaraza vya nyumba zao zilizosafirishwa. Mwaka 1959, China, bwawa la mto Xin'an likajaa, watu karibu 290,000 wakahama, na mji wa Shi Cheng, mji wa zaidi ya miaka 1,000, ukaenda chini. Miaka michache baadaye ni Wanubi wa Wadi Halfa, Sudan, kwa sababu ya bwawa la Aswan la Misri, na Ghana watu kama 80,000 kwa sababu ya bwawa la Akosombo. Hata jirani hapo Jinja, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954 lilizamisha maporomoko ya Ripon, pale ambapo Nile ilikuwa inatoka Ziwa Victoria kwa kishindo. Dunia nzima kizazi kimoja kiliamua maji yapande.

Shi Cheng ndo ule wa kwenye picha zenu. Pale wazamiaji wanashuka mita 26 hadi 40, gizani, na taa, na wanakuta matao ya mawe yenye simba na madragoni wamechongwa, kuta za mji, hata mbao za ngazi bado ziko imara kwa sababu huko chini ni baridi, hakuna mawimbi, hakuna jua. Mji haukubomolewa wote, watu walihama maji yakaja, ukasahaulika mpaka 2001 ulipoanza kutafutwa na wazamiaji. Natamani sana kwenda, siwezi kusema uongo. Lakini ninaposoma makala zake, naona mita, naona simba, naona "Atlantis ya Mashariki" mistari yote, na wale watu 290,000 wanapata sentensi moja. Wengine bado wako hai. Kuna mtu mahali fulani kwenye majimbo ya Zhejiang au Jiangxi anaweza kuweka kidole kwenye ramani ya mji ule akasema hapa, na sijaona mzamiaji aliyemtafuta.

Mbaya zaidi ni Ziwa Lanier, Georgia, Marekani. Hili mtandao umelivamia kwa hadithi za mizimu, kila mtu anasema kuna mji wa watu weusi mzima huko chini, Oscarville, makanisa na mitaa. Maji yake ni tope, matawi ya miti yamejaa, mzamiaji huoni mkono wako. Majengo mengi yalikuwa yameshaondolewa kabla ya maji. Na watu weusi wa Forsyth, wilaya ya hiyo Oscarville, walikuwa wameshafukuzwa zamani, mwaka 1912, waliowafukuza ni majirani zao wazungu, kwa moto na bunduki, zaidi ya 1,000, karibu wote wa wilaya ile, ardhi zao zikaliwa. Bwawa la Buford limekuja miaka ya 1950, watoto wa wale watu wakiwa wameshatawanyika. Kwahiyo anayezamia Lanier akitafuta kanisa anatafuta pasipo. Kilichotokea kilitokea kwenye nchi kavu, na mzimu wa kutengeneza video unakifunika kuliko maji yenyewe.

Ndo maana nasema siamini kwenye mbizi ya kwenda tu. Mimi na badi tumejiwekea utaratibu, kwanza ramani, kwanza majina, tunachagua kitu kimoja cha kukitafuta, tunajua kilikuwa cha nani, alafu ndo mitungi ya hewa. Siku ya Mille Roches kwa mfano, kuna mabaki ya jengo la zamani la kuzalisha umeme pale chini. Fikiria, jengo la umeme limezamishwa na umeme mkubwa zaidi, na tulishuka tukiwa tumeshatazama picha yake likiwa zima, na mto uko mahali pake. Tulipolikuta tukajua upande wa mto ni upi. Tukageuka kuliangalia kutoka upande ambao wafanyakazi walikuwa wanaingilia asubuhi. Hiyo haikuhitaji kina wala vifaa vya gharama, ilihitaji kusoma jioni mbili tatu.

Na hatuokoti. Sheria ya urithi ya Ontario inalinda vitu vya kale vilivyo majini, lakini hata bila sheria, chupa ile au kipande kile cha sahani kina mji wake na mji wake uko pale. Nimeona watu wanatoka na vifuko. Ukimuuliza anasema ni takataka tu huko chini. Mwambie hivyo yule bibi.

Ninachotamani kwa upande wetu, na hili naliandika nikijua kuna wasomaji wangu Lusaka, Lubumbashi, Kigoma na Bujumbura, ni zile ramani. Gwembe ilibahatika kidogo, watafiti Elizabeth Colson na Thayer Scudder walianza kuwaandika Watonga tangu 1956, kabla maji hayajapanda, kwahiyo kuna kumbukumbu ya nani alikaa wapi na alilima nini, na sehemu za matambiko zilizoko chini ya Kariba sasa. Lakini mitaa ya pembezoni mwa Tanganyika iliyoliwa juzi, nani anaiandika? Wenyewe mpo, wazee wapo, simu zina kamera na GPS. Kaa na mzee, mwambie mzee wangu nionyeshe, mlango ulikuwa wapi, kisima kilikuwa wapi, mti gani. Andika jina la mti. Hakuna atakayezamia huko kesho kutwa, kuna viboko na mamba, lakini siku maji yakishuka, na maziwa hupanda na kushuka, mtu atataka kujua kiwanja cha nani kinaanzia wapi, na hapo ugomvi utakuwa mkubwa kama hakuna kilichoandikwa.

Huku kwetu tunasubiri vuli, yaani majira ya kuelekea baridi. Kuna miaka maji ya ziwa hushushwa sana kipindi hicho, na pale Aultsville misingi inatoka nje, vijia vya zege vinaonekana, unavaa tu buti unatembea. Badi ameshachapisha ramani ya mtaa mzima wenye majina ya familia, kaipiga laminesheni kabisa isilowe. Tunataka kutafuta yalipokuwa yale majengo 8 yaliyochomwa. Kama uko Ottawa, Cornwall au Montreal na unataka kuja, niandikie, hauhitaji kujua kuzamia, njoo na buti zisizopitisha maji na kofia maana upepo wa mtoni mwezi wa 11 hauna huruma.